Ndevu za Upande Mmoja

Begi lilikuwa kizingitini, limefungwa kwa leso kwa sababu zipu yake ilikufa siku nyingi. Mwenye begi, Mbithe, alikuwa uani akikamua nguo kwenye karai kama mtu asiye na safari yoyote. Inspekta Mukami alilitazama begi, akamtazama mwanamke, akaelewa kwamba katika ploti hii hukumu ilikuwa imeitangulia kesi.

"Unaenda wapi?" aliuliza.

"Kwetu Mwala, madam. Mume wangu amesema nikakae kwa mama mpaka tai apatikane."

"Na asipopatikana?"

Mbithe alilikung'uta shati, akalianika. "Basi nitakuwa nimerudishwa."

Aliyasema hayo bila chozi, na Mukami akahisi uchungu wake palepale. Afadhali angelia.

Tai mwenyewe hakuwa wa kuruka. Alichongwa kwa mti wa jakaranda na baba mkwe wake Mbithe, Mzee Mativo, fundi aliyetoka Wamunyu na tezo yake akiwa kijana, akaja kuchonga Nairobi hadi mvi zikamkuta mtaani Mowlem. Kanisa lao ndilo lililomwagiza, awe wa kubeba Biblia mimbarini: mabawa yametandazwa, kimo chake kama mtoto anayeanza shule. Mzee alimmaliza mwanzoni mwa mwaka, na tangu hapo ndege alikuwa akingoja mimbari mpya ikamilike. Kesho, Jumapili, ndiyo siku ya kuwekwa wakfu. Alhamisi mchana akatoweka.

Aliyepiga ripoti kituoni alikuwa Mumo, mwana wa mzee na mume wa Mbithe, dereva wa lori anayetoka alfajiri na kurudi jioni. Ripoti yake ilikuwa fupi. Alirudi, akakuta tai hayupo. Baba yake alikuwa ameketi kibandani mchana kutwa, na aliyemwona akipita ni mmoja tu, Mbithe.

"Afande, hii kesi imeiva," alisema Koplo Shiundu, mwenzake Mukami. "Imebaki kupakua."

"Ngoja kwanza nijue nani aliyeipika."

Mukami alizaliwa Buruburu, akakulia Buruburu, na aliipenda kazi yake jinsi wengine wanavyopenda mpira. Kesi ndogo za mitaani ndizo zilizompa raha zaidi. Alisema wauaji hawana mengi ya kueleza, lakini jirani akiibiwa ndoo utasikia historia ya dunia. Kwa hiyo hakuharakisha. Alianza kwa kukizunguka kibanda cha kuchongea.

Kilikuwa cha mabati pande tatu, na upande wa mbele u wazi. Mzee huketi katikati ya uwazi huo, akitazama uani. Kulia kwake kulikuwa na nyumba na kamba ya nguo. Kushoto kwake kulikuwa na lango la ploti, na tai alisimama upande huohuo wa lango, mwisho wa kibanda, ambapo vumbi la mbao lilikuwa bado limebakiza alama ya miguu yake. Mwizi aliyeingia langoni hakuhitaji kwenda mbali. Lakini hakuwa na pa kujificha. Mzee angemwona wazi.

Mzee Mativo alikuwa kazini, ameubana mti kwa nyayo zake, tezo ikipanda na kushuka. Shiundu alisimama upande wa kulia. Mukami alivuta gogo upande wa kushoto, akaketi karibu kiasi cha kuweza kumgusa.

"Habari ya mchana, Mzee?" Mukami alisalimu.

Mzee aliendelea kuchonga.

"Mzee, hujambo?"

Tezo ilipanda, ikashuka. Shiundu akaona aibu kwa niaba ya mkubwa wake. "Mzee, habari yako?" akasema.

"Nzuri, kijana wangu! Karibu. Umekuja juu ya hiyo maneno ya tai?"

"Ndiyo, mzee. Tumekuja."

"Na mkubwa wako? Nilisikia ni mama. Atafika saa ngapi?"

Shiundu alimtazama Mukami. Mukami alimwashiria aendelee. Aliwahi kukutana na wazee wasiopenda kuhojiwa na mwanamke, ila hakuwahi kukutana na aliyeifanya dharau kwa utulivu wa namna hii. Uso wa mzee haukuwa na chuki hata chembe.

"Alhamisi ulikuwa wapi, mzee?" Shiundu aliuliza.

"Hapahapa. Kutoka mchana mpaka Mumo akarudi."

"Nani alipita?"

"Huyu msichana wa Mumo. Alienda kwa kamba ya nguo, akarudi. Mwingine hakuna."

"Hukusinzia kidogo?"

"Mchongaji akisinzia anakosa kidole. Hesabu." Mzee aliinua mkono wa kulia, akavitandaza vidole. Wa kushoto ulibaki umelala pajani. "Niandikie vizuri. Macho yangu hayajawahi kunidanganya."

"Na chakula ulikula?"

"Chakula gani? Hiyo nyumba mimi sipewi chakula cha mchana. Msichana ananinyima. Mumo nimemwambia na nimechoka kumwambia."

Mukami aliteremsha macho. Juu ya stuli, kati ya goti lake na goti la kushoto la mzee, kulikuwa na sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Aliifunua. Ilikuwa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe, imejaa, imepoa.

Aliifunika tena. Alikuwa na mazoea ya kutolitaja jambo mpaka lipate mwenzake, na hapa wenzake walianza kujitokeza. Mguu wa kulia wa mzee ulivaa akala, kiatu cha mpira wa tairi. Wa kushoto ulikuwa mtupu, na akala yake ilikuwa palepale kando. Kwenye rafu kulikuwa na ndovu wadogo wa kuuza, wamejipanga vizuri, kila mmoja ana sikio moja. Kisha akautazama uso wenyewe. Shavu la kulia lilikuwa limenyolewa likanyoleka. La kushoto lilikuwa na ndevu nyeupe za wiki nyingi.

Alinyanyuka, akamfuata Mbithe kwenye kamba ya nguo.

"Ile sahani uliiweka wewe?"

"Ndiyo, madam. Kila siku naweka."

"Mbele yake?"

"Hapana. Mimi nimelelewa kwamba mkaza mwana hapiti mbele ya baba mkwe, wala hamkodolei macho. Napitia nyuma, naweka kwa stuli, naenda zangu. Nikirudi nakuta vilevile, nawapa kuku." Alikunja leso mkononi. "Nikajua anakisusa kwa sababu ni changu. Halafu jioni anamwambia Mumo nimemnyima. Sasa nijitetee vipi? Nimwambie Mumo baba yake ni mwongo?"

"Na ndevu zake umeziona?"

Kwa mara ya kwanza Mbithe alitabasamu kidogo. "Uso wa baba mkwe niuangalie nikitafuta nini, madam?"

"Amewahi kuugua?"

"Kabla ya mvua alianguka bafuni. Akalala siku mbili, akaamka, akashika tezo yake. Tukasema ni presha."

Ng'ambo ya lango, Falis alikuwa na kibanda cha mboga, na hakungoja kuulizwa mara ya pili.

"Huyo mzee? Wee, siku hizi ako na madharau! Naingia hapo kwa gate na sukuma yao, nasema habari ya asubuhi, baba. Ananinyamazia kama sijazaliwa. Siku ya kwanza nikavumilia, ya pili nikavumilia. Nikaacha. Ploti mzima wameacha."

"Wote?"

"Isipokuwa Kiarie wa kinyozi hapo. Huyo wanacheka na yeye mpaka machozi."

"Kiarie akiongea naye husimama wapi?"

"Aje, wapi?" Falis alifikiri. "Huwa anazunguka. Anapita mbele yake mpaka huko kwa nguo, ndiyo anaanza stori. Sijui anaogopa vumbi."

"Na Alhamisi mchana ulikuwa hapa?"

"Alhamisi ni siku ya chama chetu cha akina mama, madam. Nilifunika mboga na gunia nikaenda. Hata Kiarie hujua."

Mukami alinunua kwake mafungu mawili ya sukuma wiki, kwa sababu shahidi mzuri hakosi ahsante, akarudi uani na wazo lililomfanya atembee upesi. Alimwomba Mbithe apashe ile muthokoi moto. Kisha akaichukua mwenyewe, akaenda kusimama upande wa kulia.

"Karibu chakula, Mzee."

Mzee aliinua kichwa. "Ah! Wewe ndiye mkubwa? Umefika sasa?"

"Nimefika, Baba."

Alimwekea sahani mapajani. Mzee alikula kwa njaa ya kweli, kijiko kikigonga, kisha akakwangua na kuacha. Upande wa kushoto wa sahani chakula kilikuwa kimesimama ukuta mzima, hakijaguswa.

"Umeona?" mzee alisema. "Hivi ndivyo wananipimia. Kama cha mtoto."

Mukami aliishika sahani, akaizungusha. Kilichokuwa kushoto kikaja kulia.

"Oh! Umeniongeza. Mungu akubariki."

Akala. Alipoacha, akaizungusha tena, na mzee akashukuru tena. Shiundu alianza kucheka, kisha kicheko kikamkauka. Mumo alikuwa ametoka ndani, amesimama mlangoni na mkono mdomoni.

Mukami alienda pembeni kumpigia simu Daktari Abukar, aliyefahamiana naye kwa kesi nyingi mahakamani.

"Daktari, nina mzee ananidharau, lakini kwa upande wa kushoto tu."

Daktari alicheka, kisha akasikiliza habari ya sahani, ndevu, akala na ule mwanguko wa bafuni. Aliacha kucheka. "Hiyo si dharau, Inspekta. Ni kiharusi. Ukimpima macho huenda ukayakuta mazima. Sehemu ya kulia ya ubongo ndiyo imeumia, na hiyo ndiyo inayoshughulika na dunia ya kushoto. Wewe unadhani ana giza upande ule. Hana giza. Kwake upande ule haupo, kwa hiyo hautafuti."

"Kwa hiyo hasemi uongo."

"Anasema ukweli wote alio nao. Mleteni leo hii, msingoje Jumatatu. Kuna mengi tunaweza kumfundisha, lakini pia tusimwachie kiharusi cha pili."

Mukami alirudisha simu mfukoni, na furaha ikampanda hata akaona haya kidogo. Alimvuta Shiundu langoni.

"Tunaye shahidi mkweli mwenye nusu ya uwanja," alisema. "Aliyemwibia alijua nusu ipi. Nani anajua kwamba mzee hana kushoto?"

"Mwenyewe hajui," Shiundu alisema. "Mumo ndiyo ameona sasa hivi. Mkewe hamwangalii."

"Falis je?"

"Falis amekasirika."

"Ndiyo. Ploti yote imekasirika. Anayekasirika anadhani mzee anamwona na kumdharau, maana yake hajui. Nitafutie ambaye hakukasirika."

Shiundu aligeuka kutazama chumba cha kinyozi, kilichoegemea ukuta wa ploti, mlango wake ukipakana na lango.

"Una ndevu, Koplo?" Mukami aliuliza.

"Chache tu, afande."

"Zinatosha."

Kiarie alikuwa kijana msafi, aproni nyeupe, kioo kimefutwa kikang'aa. Aliwakaribisha kwa uchangamfu. "Niaje, madam. Mkubwa, keti hapa. Ndevu tu?"

"Ndevu tu," alisema Mukami, akaketi kwenye benchi. "Mnyoe vizuri, ana mchumba."

Alimnyoa vizuri. Alishuka shavu la kulia, akashuka la kushoto, akarudia chini ya kidevu. Alipomaliza alirudi nyuma hatua moja, akafunga jicho, akaona unywele mmoja karibu na sikio la kushoto, akaufuata.

"Wewe ni fundi," Mukami alisema. "Hata unywele mmoja huachi."

"Siwezi, madam. Mtu akitoka hapa na kichwa kibaya ni jina langu linatembea nacho mtaani."

"Mteja hawezi kutoka hapa nusu."

"Nusu? Zii. Haiwezekani."

"Mzee Mativo hunyolewa na nani?"

"Mimi. Huyo ni mzee wangu, tunaelewana sana."

"Mara ya mwisho?"

"Jumatano hii tu."

Mukami alikubali kwa kichwa. "Nimetoka kwake. Shavu la kulia ni la Jumatano. La kushoto lina ndevu za tangu mvua ianze. Sasa nisaidie, Kiarie. Fundi asiyeacha unywele mmoja kwa koplo, amewezaje kuacha shavu zima kwa mzee wake?"

Mashine ilikuwa bado inanguruma mkononi mwake. Aliizima, akakosea kuitundika, ikaanguka kauntani.

"Ilikuwa ni mchezo," alisema.

"Ilianzaje?"

"Stima ilipotea, mashine ikazima nikiwa katikati. Nikamwambia mzee angoje. Yeye akajiangalia kwa kioo akasema, safi sana, akaenda zake. Nikashangaa. Mara ya pili nikajaribu makusudi nione, na tena akasema safi."

"Halafu?"

"Halafu nikaona hata nikiingia kwa gate hanioni. Nikawa nazunguka upande mwingine ndiyo tuongee."

"Na Alhamisi hukuzunguka."

Shiundu, shavu likiwaka dawa, alikwisha kulinyanyua pazia la nyuma, palipokuwa na pipa la maji. Nyuma ya pipa kulikuwa na kitu kimevikwa mashuka mawili ya kinyozi, na bawa moja lilikuwa limetoboa nje.

"Kuna msee mmoja wa duka la sanamu huko tao, mjini, alikuwa anamtaka," Kiarie alisema kwa sauti ndogo. "Nilipita kwanza mikono mitupu, kujaribu. Hakuinua hata macho. Nikambeba."

"Ukamwacha mke wa mtu afukuzwe."

"Sikujua itamwangukia yeye, madam."

"Alhamisi hukujua. Ijumaa ulijua, mabati haya hayazuii sauti. Leo asubuhi ulimwona akifunga mizigo, ukaendelea kupangusa kioo." Mukami alisimama. Hasira yake haikuwa ya kupayuka, lakini ilikuwapo. "Vua aproni."

Shiundu alimpeleka Kiarie kwenye gari lililoegeshwa nje, akamfungia humo chini ya ulinzi wa askari aliyebaki garini, kisha akarudi na tai kifuani. Mukami alimwagiza amweke upande wa kulia. Mzee alipomwona aliitupa tezo, akampapasa ndege kutoka mdomo hadi mkia, akicheka peke yake. Alikuwa mzima, hana mkwaruzo.

"Nani alimrudisha?"

Mukami alichuchumaa mbele yake, akamweleza yote taratibu: mwanguko wa bafuni, ubongo, mwizi aliyepita mara mbili mchana kweupe. Mzee alitikisa kichwa. Aliheshimu serikali, lakini maneno haya yalikuwa makubwa mno.

"Mimi niko sawa, mwanangu. Hakuna kitu nimepoteza."

"Nipe mkono, Baba." Aliushika mkono wake wa kulia, akauvusha kidevuni, akauweka kwenye shavu la kushoto.

Vidole vikakuta ndevu. Vikazipapasa, vikazivuta, vikarudi kulia kwenye ulaini, vikaenda tena.

"Na chakula?" aliuliza hatimaye. "Alikuwa ananiwekea?"

"Kila siku. Kwenye stuli ile. Kwa heshima yako hakutaka kukupitia mbele."

Mzee Mativo alifumba macho. "Afisa, ile karatasi yangu ipasue. Andika upya. Andika: sikuona."

"Nitaandika, Baba."

"Mumo."

"Naam, Baba," alisema Mumo kutoka mlangoni.

"Mimi ubongo umeninyang'anya upande mmoja, na hata sikuambiwa. Wewe wako ni mzima, pande zote mbili. Mke wako umeshindwa kumwona kwa sababu gani?"

Mumo alikwenda mpaka kwenye kamba ya nguo, mbele ya Falis aliyekuwa ameshaingia langoni, mbele ya majirani waliojazana nyuma yake. "Mbithe, nimekukosea," alisema. "Nilikuhukumu na sikukuuliza hata neno moja. Nisamehe."

Mbithe alimtazama, na sasa ndipo machozi yalipokuja, yale aliyoyazuia tangu Alhamisi. Aliyafuta kwa kiganja.

"Baba aende hospitali kwanza," alisema. "Nitaenda naye mimi. Wewe nitakujibu tukirudi."

Akampita mumewe, akampita Inspekta, akaenda kupiga magoti mahali ambapo hajawahi kusimama tangu aolewe, kando kabisa ya baba mkwe wake. Alimvika ile akala mguuni. Kisha akaushika mkono wake wa kushoto kwa mikono yake yote miwili.

Mzee alishtuka. Alitazama mbele, akatazama kulia, kisha shingo yake ikaanza kugeuka polepole upande wa pili, ikitafuta.

"Ni mimi, Baba," alisema Mbithe. "Endelea kugeuka."